Georges Ruggiu: Mtangazaji Mtaliano Aliyehukumiwa Arusha

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha ICTR, iliendesha mashauri yake mjini Arusha kwa karibu miongo miwili hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015, na katika muda huo iliwashtaki watu 93, wakiwamo waziri mkuu, mawaziri, maofisa wa jeshi, makasisi, wafanyabiashara na wanahabari. Kati yao wote, mmoja tu hakuwa Mnyarwanda. Huyo ni Georges Henry Joseph Ruggiu, mtoto wa baba Mtaliano na mama Mbelgiji, aliyefanya kazi ya utangazaji nchini Rwanda kwa miezi sita tu, na miezi hiyo sita ikatosha kumfanya mwanahabari wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa tangu kesi za Nuremberg za mwaka 1946. Habari za maisha yake zinastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu zinaonyesha jinsi mtu asiye na silaha, asiye na cheo serikalini, na asiyejua hata lugha ya wengi wa wananchi waliomzunguka, alivyoweza kushiriki katika maangamizi ya maelfu ya watu akiwa ameketi mbele ya kipaza sauti. Zinastahili pia kusimuliwa na watu wa Arusha, kwa kuwa jibu la sheria kwa kosa hilo lilitolewa chini ya Mlima Meru, katika majengo ambayo wakazi wa mji huo huyapita kila siku.

Kutoka Verviers hadi Kigali

Ruggiu alizaliwa Oktoba 12, 1957 mjini Verviers, mji wa viwanda vya nguo za sufu ulioko mashariki mwa Ubelgiji, karibu na jiji la Liège. Ukanda huo ulikuwa umepokea Wataliano wengi katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, hasa baada ya mapatano ya mwaka 1946 ambayo kwayo serikali ya Italia ilikubali kupeleka wafanyakazi katika migodi ya Ubelgiji na yenyewe kupatiwa makaa ya mawe. Katika mazingira hayo ya wahamiaji na wenyeji ndimo Ruggiu alimokulia, akiwa na uraia wa nchi zote mbili. Hakusomea uandishi wa habari wala hakuwahi kufanya kazi redioni alipokuwa Ulaya, bali aliajiriwa katika shughuli za huduma za jamii, na hadi kufikia umri wa miaka 35 hapakuwa na jambo lolote katika maisha yake lililodokeza kwamba jina lake lingekuja kutajwa katika historia ya Afrika Mashariki.

Mabadiliko yalianza alipohamia Liège na kufahamiana na Wanyarwanda waliokuwa wakiishi na kusoma huko. Ubelgiji ilikuwa imeitawala Rwanda tangu mwaka 1916 hadi mwaka 1962, na ndiyo iliyoingiza vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye navyo, hivyo kwamba mgawanyiko wa Wahutu, Watutsi na Watwa, ambao zamani uliweza kubadilika kwa mali, ndoa au cheo, ukageuka kuwa jambo la kudumu lililoandikwa katika karatasi ya serikali. Machafuko ya mwaka 1959, ambayo watawala wa Rwanda huru waliyaita mapinduzi ya Wahutu, yaliwafukuza Watutsi wengi nchini mwao, wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Watoto wa wakimbizi hao ndio waliounda chama cha RPF, na Oktoba 1, 1990 wapiganaji wa chama hicho waliingia Rwanda kwa silaha kutokea Uganda. Vita hivyo viliwagawa pia Wanyarwanda walioishi Ubelgiji, na Ruggiu, ambaye marafiki zake wengi walikuwa upande wa serikali ya Rais Juvénal Habyarimana, alichukua msimamo wao pasipo kusita. Alijiunga na kikundi cha tafakuri kilichowaunganisha Wanyarwanda na Wabelgiji waliounga mkono chama tawala cha MRND, akashiriki mijadala ya hadhara, akaizuru Rwanda, na akapata nafasi ya kuonana na Habyarimana mwenyewe. Mnamo Novemba 1993 aliiacha Ubelgiji na kuhamia Kigali.

Mkataba wa Arusha na redio iliyoupinga

Rwanda aliyoikuta Ruggiu ilikuwa nchi iliyosubiri kutekelezwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Arusha. Tangu Julai 1992 wajumbe wa serikali ya Kigali na wa RPF walikutana mjini humo chini ya usuluhishi wa Tanzania, wakajadili mgawanyo wa madaraka, kuunganishwa kwa majeshi na kurejea kwa wakimbizi, na Agosti 4, 1993 Habyarimana na mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walitia saini mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi mkataba ambao tangu siku hiyo huitwa Mkataba wa Amani wa Arusha. Mkataba huo uliipa RPF nafasi katika serikali ya mpito na katika jeshi, na kwa sababu hiyo uliwatisha wale waliokuwa wamezoea kuhodhi madaraka, ambao hawakuuona kuwa mwanzo wa amani bali mwanzo wa kushindwa kwao.

Karibu mwezi mmoja kabla ya saini hizo kutiwa, yaani Julai 8, 1993, redio mpya ilikuwa imeanza kurusha matangazo mjini Kigali. Iliitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines, maana yake Redio na Televisheni Huru ya Vilima Elfu, ikafahamika kwa herufi za RTLM, ingawa upande wa televisheni haukuwahi kuanzishwa. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi iliyouza hisa, na miongoni mwa waliokuwa nguzo zake walikuwamo mwanahistoria Ferdinand Nahimana, mwanasheria Jean-Bosco Barayagwiza wa chama chenye msimamo mkali cha CDR, na mfanyabiashara tajiri Félicien Kabuga. Nahimana alikuwa amekwisha kuondolewa katika uongozi wa idara ya habari ya serikali baada ya Redio Rwanda kutangaza habari za uongo zilizofuatiwa na mauaji ya Watutsi huko Bugesera mnamo Machi 1992. Kwa hiyo waanzilishi wa RTLM walijua vizuri nguvu ya redio katika nchi ambamo wananchi wengi hawakusoma magazeti, na ambamo redio ndogo ya betri ilipatikana hata katika nyumba za wakulima.

RTLM iliwapata wasikilizaji haraka kwa sababu haikufanana na redio ya serikali, ambayo ilisoma taarifa kwa lugha rasmi na sauti nzito. Watangazaji wake, akiwamo Kantano Habimana aliyependwa kwa ucheshi wake, na Valérie Bemeriki aliyejulikana kwa ukali wa maneno, walizungumza kama watu walioketi barazani, wakapiga muziki uliopendwa na vijana, wakasoma ujumbe wa wasikilizaji, na katikati ya mazungumzo hayo mepesi wakapenyeza maneno ya chuki, wakiwataja watu kwa majina na kueleza mahali walipoishi. Januari 6, 1994 Ruggiu aliingia katika kundi hilo kama mwanahabari na mtangazaji wa matangazo ya Kifaransa. Hakujua Kinyarwanda, na wasikilizaji wake walikuwa hasa wasomi, maofisa, wanajeshi na wageni walioishi Kigali, lakini kuwapo kwake kulikuwa na faida kubwa kwa wakuu wa redio hiyo, kwa kuwa sauti ya Mzungu iliyorudia madai yao iliyapa madai hayo sura ya ukweli uliothibitishwa na mtu wa nje asiye na kabila.

Kazi yake ya miezi ya mwanzo ililenga kwa sehemu kubwa nchi aliyozaliwa. Ubelgiji ilikuwa imetoa askari kwa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, kilichoongozwa na Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada na kupewa jukumu la kusimamia utekelezaji wa Mkataba wa Arusha, na RTLM iliwatangazia wasikilizaji wake kwamba Wabelgiji hao walikuwa vibaraka wa RPF. Redio hiyo ilimshambulia pia Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyeunga mkono mkataba huo. Hivyo, kabla hata ya mauaji makubwa kuanza, wale ambao wangeweza kuyazuia walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kwa wananchi kama maadui.

Siku 100 mbele ya kipaza sauti

Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege iliyokuwa ikimrudisha Rais Habyarimana kutoka katika mkutano wa viongozi uliofanyika Dar es Salaam ilitunguliwa ilipokaribia uwanja wa ndege wa Kigali, na yeye pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi wakafa papo hapo. RTLM iliwahi kutoa habari hiyo na kuwatupia lawama RPF na Wabelgiji. Kesho yake askari wa ulinzi wa rais walimuua Waziri Mkuu Uwilingiyimana, na askari kumi wa Kibelgiji waliotumwa kumlinda wakapelekwa katika kambi ya jeshi ya Kigali na kuuawa humo. Ubelgiji iliondoa kikosi chake, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapunguza askari wa UNAMIR, na kwa muda wa siku zipatazo 100 Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa siasa ya mauaji, waliuawa majumbani, makanisani, shuleni na kwenye vizuizi vya barabarani. Makadirio yanayotumiwa zaidi hutaja watu wapatao 800,000, na serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja.

Ruggiu aliendelea kutangaza. Hapa inafaa kutazama kwa karibu yaliyokuwa yakisemwa, kwa sababu ndiyo yaliyokuja kupimwa na majaji. Watangazaji wa RTLM walitumia neno la Kinyarwanda inyenzi, yaani mende, ambalo awali liliwahusu wapiganaji waliovuka mpaka usiku katika miaka ya 1960, na Ruggiu alilitumia pia katika matangazo yake ya Kifaransa, ingawa, kama alivyokuja kukiri, katika wiki hizo lilikuwa limefikia kumaanisha mtu anayestahili kuuawa. Aliwahimiza wasikilizaji waende kazini, na katika nchi ambamo wanavijiji walizoea kuitwa kwa kazi za pamoja za maendeleo, kila mtu alifahamu kwamba kazi iliyokuwa ikitajwa safari hii ilifanywa kwa panga na rungu. Alisema kwamba mapinduzi ya mwaka 1959 yalipaswa kukamilishwa. Aliwataka raia waweke vizuizi barabarani na kuwasaka waliojificha, na wale waliosimamia vizuizi hivyo walipongezwa redioni huku maiti zikiwa zimelala kando ya njia.

Maudhui ya matangazo hayo yalijulikana hata nje ya Rwanda. Serikali ya Marekani ilipoombwa itumie ndege maalumu kuziba masafa ya RTLM, wakuu wa jeshi lake walitoa hoja za gharama na za sheria ya kimataifa, na ombi hilo likakataliwa. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, mkoani Kagera, na Watanzania walioishi kando ya Mto Kagera waliona maiti zikielea kuelekea Ziwa Victoria. RPF ilipouteka mji wa Kigali Julai 4, 1994, redio hiyo ilikuwa imekwisha kuhamisha mitambo kuelekea kaskazini-magharibi, na Ruggiu aliendelea kuitumikia hadi katikati ya mwezi huo, ndipo akakimbia nchi pamoja na mabaki ya serikali iliyoshindwa.

Mombasa, Kisongo na mahakama ya chini ya Meru

Safari yake ya ukimbizi ilimfikisha Kenya, ambako alisilimu, akachukua jina la Omar, na kuishi Mombasa miongoni mwa jamii ya Wasomali. Wakati yeye akijaribu kuanza maisha mapya ya pwani, Umoja wa Mataifa ulikuwa ukijenga chombo cha kuwahukumu waliohusika na mauaji. Azimio namba 955 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Novemba 8, 1994, liliiunda ICTR na kuipa mamlaka ya kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari, jinai dhidi ya ubinadamu na ukiukwaji wa sheria za vita uliofanyika mwaka huo. Mauaji ya kimbari, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1948, ni vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Jinai dhidi ya ubinadamu ni matendo kama vile kuua, kutesa au kuhamisha watu kwa nguvu, yanapofanywa katika shambulio kubwa au lililopangwa dhidi ya raia. Azimio namba 977 la Februari 22, 1995 liliamua kwamba makao ya mahakama hiyo yawe Arusha.

Uamuzi huo uliupa mji jukumu la kipekee, kwa kuwa palepale ambapo mkataba wa amani ulitiwa saini ndipo walioupiga vita kwa damu walipoletwa kujibu mashtaka. Mahakama ilipanga ofisi na vyumba vyake katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, jengo la mabawa matatu yanayoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lililojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Watu wa eneo hilo hawakuwa wageni kwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitumwa na Wameru kwenda New York kuueleza umoja huo jinsi serikali ya kikoloni ilivyowaondoa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na ingawa hawakurudishiwa ardhi hiyo wakati ule, walikuwa wamefundisha kwamba mnyonge anaweza kupaza sauti mbele ya mataifa. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, mataifa yenyewe yalikuja Meru kuwasikiliza manusura wa Rwanda.

Julai 18, 1997 polisi wa Kenya, wakishirikiana na wachunguzi wa ICTR, waliwakamata jijini Nairobi watuhumiwa kadhaa wakubwa, wakiwamo Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyoshindwa, Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri, na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Siku tano baadaye, Julai 23, Ruggiu alikamatwa Mombasa, akasafirishwa hadi Arusha na kuwekwa katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa iliyojengwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, magharibi mwa mji. Alipofikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 1997, alikana mashtaka, na kwa zaidi ya miaka miwili iliyofuata akabaki katika msimamo huo.

Kukiri na kuhukumiwa

Wananchi walioruhusiwa kuhudhuria vikao vya ICTR waliketi katika ukumbi uliotengwa na chumba cha mahakama kwa ukuta wa kioo, wakifuatilia maneno kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa mashauri yalitafsiriwa papo hapo kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Katika mazingira hayo, Mei 15, 2000, Ruggiu alisimama mbele ya Chumba cha Kwanza cha Mashauri kilichoongozwa na Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, akabadilisha kauli yake na kukiri makosa mawili. La kwanza lilikuwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari, yaani kuwahimiza watu waziwazi wafanye kosa hilo, na uchochezi wa namna hii ni kosa linalojitegemea, lisilomhitaji mwendesha mashtaka athibitishe kwamba msikilizaji fulani alimuua mtu fulani kwa sababu ya tangazo fulani. La pili lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu kwa njia ya utesaji wa watu kwa sababu ya kundi lao, na kosa hili liliwahusu Watutsi, Wahutu wa msimamo wa wastani na Wabelgiji.

Kukiri kosa katika mahakama hiyo hakukuwa jambo la kutamka neno moja na kuketi. Majaji walipaswa kuridhika kwamba mshtakiwa alikiri kwa hiari yake, akijua uzito na matokeo ya kauli hiyo, pasipo kuacha utata wowote, na kwamba ukweli wa mambo yaliyotendeka uliunga mkono kukiri huko. Ruggiu alieleza kwamba alikuwa ametambua kuwa yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 yalikuwa mauaji ya kimbari na kwamba yeye alichangia kuyachochea, akasema kwamba angeweza kuiacha kazi ile lakini alichagua kuendelea, na akaonyesha majuto. Kauli hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu wakati huo washtakiwa wengi wa Arusha walikuwa bado wakikanusha kwamba mauaji ya kimbari yalipata kutokea, na kabla yake ni wawili tu waliokuwa wamekiri, yaani Kambanda na Omar Serushago.

Juni 1, 2000 Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 12 kwa kila kosa, adhabu zote mbili zikitumikiwa kwa pamoja, na muda aliokaa mahabusu tangu alipokamatwa ukahesabiwa ndani yake. Upande wa mashtaka ulikuwa umeomba miaka 20. Majaji walizingatia uzito wa makosa na nafasi aliyokuwa nayo kama mtangazaji, lakini walizingatia pia kwamba alikiri na kuahidi kushirikiana na upande wa mashtaka, hakuwa na rekodi ya uhalifu, hakushiriki kwa mikono yake katika mauaji, aliwahi kuwasaidia baadhi ya watu waliokuwa hatarini, na hakuwa miongoni mwa walioamua mwelekeo wa RTLM. Katika kueleza sheria walirejea Nuremberg, ambako Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti la kuwachukia Wayahudi, alitiwa hatiani na kunyongwa mwaka 1946. Katika kesi hiyohiyo ya Nuremberg, Hans Fritzsche, mtangazaji mashuhuri wa redio ya Wanazi, aliachiwa huru, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba alikusudia kuwachochea Wajerumani kutenda ukatili. Arusha, kwa hiyo, ndipo mtangazaji wa redio alipotiwa hatiani kimataifa kwa mara ya kwanza kwa kosa la kuchochea mauaji ya kimbari.

Shahidi asiyeaminiwa, mfungwa aliyeachiwa mapema

Kukiri kwake kulimfanya kuwa shahidi wa upande wa mashtaka katika shauri lililojulikana kama kesi ya vyombo vya habari, lililowakabili Nahimana, Barayagwiza na Ngeze kuanzia Oktoba 2000. Alitoa ushahidi mwaka 2002, akahojiwa kwa siku nyingi na mawakili wa utetezi, na maelezo yake yakaonekana kupingana na yale aliyoyatoa awali kwa wachunguzi, hata majaji wakaamua kutouegemea ushahidi wake. Hata hivyo, kanda za matangazo yenyewe zilikuwapo, na zilijitosheleza. Desemba 3, 2003 washtakiwa wote watatu walitiwa hatiani, na Jaji Pillay, alipokuwa akimtamkia Nahimana adhabu ya kifungo cha maisha, alimweleza kwamba alisababisha vifo vya maelfu ya raia pasipo kushika bunduki wala panga. Mahakama ya Rufaa ilitengua baadhi ya makosa Novemba 28, 2007 na kupunguza adhabu, ambapo Nahimana alipewa miaka 30, Barayagwiza 32 na Ngeze 35, lakini kanuni kwamba mtangazaji na mwenye chombo cha habari huwajibika kwa uchochezi ilibaki imesimama.

Ruggiu aliondoka Arusha Februari 28, 2008, alipopelekwa Italia kumalizia kifungo chake chini ya mapatano ambayo nchi hiyo ilifanya na Umoja wa Mataifa, tofauti na wafungwa wengi wa ICTR waliopelekwa Mali na Benin. Aprili 21, 2009 Italia ilimwachia huru, takriban miezi mitatu kabla ya miaka 12 kutimia, bila Rais wa Mahakama kutoa uamuzi ambao kifungu cha 27 cha sheria iliyoianzisha ICTR kiliutaka kabla ya mfungwa yeyote kuachiwa mapema. Kwa hesabu ya siku, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa manusura ilikuwa jambo zito, kwani iliwaonyesha kwamba hukumu iliyotafutwa kwa miaka mingi mjini Arusha ingeweza kufupishwa na ofisi ya mbali pasipo wao kuulizwa wala hata majaji wenyewe kushirikishwa. Wakati huohuo, Bemeriki, aliyekuwa mwenzake katika studio ya RTLM, alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2009. Kabuga alijificha hadi Mei 16, 2020 alipokamatwa karibu na Paris, akafikishwa The Hague, na mwaka 2023 shauri lake likasimamishwa kwa sababu ya afya yake kabla ya hukumu kutolewa.

Alichokiacha Arusha

Kuna wanaodai kwamba adhabu ya Ruggiu ilikuwa nyepesi mno kwa kosa alilolitenda, na kuna wanaodai kwamba alikuwa mtu mdogo aliyetumiwa na wakubwa. Kumbukumbu za mashauri zinaonyesha kwamba madai yote mawili yana ukweli, na kwamba hakuna hata moja kati yake linalomwondolea lawama. Hakuianzisha redio ile, hakuamua sera yake, na wengi wa waliokuwa vizuizini hawakuielewa lugha yake. Lakini alikuwa na pasipoti mbili za Ulaya, alikuwa na njia ya kuondoka ambayo mamilioni ya Wanyarwanda hawakuwa nayo, aliona maiti mitaani alipokuwa akienda kazini, na bado aliketi tena mbele ya kipaza sauti. Uzito wa kosa lake umo katika uchaguzi huo uliorudiwa siku baada ya siku, na ndiyo maana hukumu yake inawahusu hata watangazaji wa kawaida ambao hawajioni kuwa na nguvu yoyote.

Nguvu hiyo imeendelea kuonekana katika eneo la Afrika Mashariki. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mtangazaji wa redio ya Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, na kesi yake, iliyoanza kusikilizwa Septemba 2013, ilikomeshwa Aprili 5, 2016 kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha pasipo kutiwa hatiani. Mwisho wa kesi hiyo ulikuwa tofauti, lakini swali lililoulizwa lilikuwa lilelile lililojibiwa Arusha mwaka 2000: mtangazaji anawajibika kwa kiasi gani kwa yale ambayo wasikilizaji wake wanayatenda? Leo swali hilo linawahusu pia wanaotuma ujumbe wa sauti na picha kwa simu, ambao katika dakika chache huwafikia watu wengi kuliko RTLM ilivyoweza kuwafikia kwa mitambo yake ya vilimani.

Nyaraka na kanda za ICTR zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji la Arusha, katika majengo ya taasisi iliyorithi kazi za mahakama hiyo, yaliyofunguliwa rasmi Novemba 25, 2016. Vyuo vya uandishi wa habari vya Tanzania na vya nchi jirani vina wajibu wa kuwapeleka wanafunzi wao huko, na wahariri na wamiliki wa redio nao wanapaswa kuisoma hukumu ya Juni 1, 2000 kabla ya kumkabidhi mtu yeyote kipaza sauti. Ni nyaraka chache duniani zinazoeleza kwa uwazi kiasi hicho mipaka ya kazi yao, na hizo ziko karibu nao.